Shati jeupe, kola njano miezi mitatu: laki mbili na nusu itanivalisha ofisini?

Jang'ombe Ndogo (bandiko 1)
Assalaam aleikum. Inshaallah tarehe mosi naanza kazi ya uhasibu, ofisi moja hapa mjini Unguja. Wakati wa mafunzo nilikuwa na mashati mawili meupe, mapya ya dukani, 28,000 kila moja. Miezi mitatu tu kola zimekuwa njano, makwapa njano zaidi, na moja limeshaanza kutoka nyuzi pale kola inapokunjika. Viatu nina moka moja nyeusi iliyolika kisigino upande. Suruali ya kitambaa ninayo moja. Kanzu ninazo mbili, hizo hazinisumbui.

Mkononi nina 250,000 na mshahara wa kwanza ni mpaka mwisho wa mwezi. Ninunue mashati matano ya mtumba au mawili mazuri ya dukani? Na la pili: kwa nini shati jeupe hapa kwetu halikai? Mie namshuku dobi, naona ananipigia jiki.

Belo la Jumamosi (2)
Waaleikum salaam. Matano ya mtumba, wala usijiulize. Mie nauza Mwanakwerekwe mwaka wa tisa huu. Njoo asubuhi siku tunayofungua belo, usije saa kumi jioni ukaokota yaliyokataliwa na watu sitini.

Ukilishika shati, usianze na rangi. Ligeuze ndani nje, tazama kwapa. Halafu linyanyue juani, tundu lolote litajionyesha. Kisha ifungue kola yote, pitisha kidole taratibu juu ya mkunjo. Ukihisi manyoya madogo madogo, lirudishe, hilo limebakiza wiki chache. Ukihisi laini kama karatasi, lipe 8,000 uende zako.

Cherehani Nne (3)
Belo kasema kweli kuhusu mkunjo, ila kauruka mlango mkubwa: bega. Mshono wa bega uishie kwenye mfupa wa bega lako, usiteremke mkononi. Ubavu nakupunguzia kwa 3,000, mikono nafupisha, urefu nakata. Bega nikilipunguza lazima nifumue mikono yote miwili, na bei yake unapata shati jingine. Koti ndiyo zaidi. Kila wiki naletewa koti la mtumba zuri mno, bega limepita vidole vitatu, mwenyewe anasema "fundi, punguza kidogo tu". Hakuna kidogo hapo.

Suruali usinunue zaidi ya moja ya mtumba. Shona. Kitambaa cha upana wa inchi 60, mita moja na robo yamtosha mtu wa kimo cha kawaida. Na uniambie nikuachie akiba ya kitambaa nyuma ya kiuno. Kazi ya ofisi ni ya kukaa, mwaka wa pili utanirudia niiachie.

Boti ya Asubuhi (4)
Mnamzungusha kijana bure. Panda boti ya asubuhi, shuka Dar, nenda soko la Karume, jioni umerudi na begi. Shati la 8,000 hapa kule unalipata nusu yake.

Kaskazi (5)
Kaka Boti, hesabu nauli ya kwenda na kurudi, bodaboda, chakula cha mchana, halafu ugawe kwa mashati matano. Hiyo safari ina maana kwa anayenunua mzigo wa kuuza. Mie nilikwenda kwa ajili ya suruali tatu, nikarudi na suruali tatu ghali kuliko za Darajani na siku nzima ya kazi imepotea.

Boti ya Asubuhi (6)
Ulikwenda peke yako. Tulikwenda watu wanne tukamtuma mmoja.

Kaskazi (7)
Sasa mlikwenda wanne au mlimtuma mmoja?

Boti ya Asubuhi (8)
Tulichanga wanne, akaenda mmoja na vipimo vyetu kwenye karatasi. Yakhe, usinibane.

Dobi Kikwajuni (9)
Nimeona bandiko 1. Mie si dobi wako, lakini kazi ni yangu na nitaijibia. Watu wanatuletea shati limekaa ndani ya mfuko wa nailoni tangu Jumatatu, leo Alkhamisi, jasho limeshaoka humo ndani. Mie nikilipokea njano iko tayari, ila bado imejificha. Nikilipiga pasi ndipo inapotokea, mteja anasema nimeliunguza.

Ukitaka ukweli, tazama dawa unayojipaka kwapani. Wateja wangu wazee hawapaki kitu, makwapa yao meupe. Vijana wote wenye dawa ya kuzuia jasho, njano, tena gumu kama limetiwa wanga.

Bi Fuoni (10)
Dobi, na kola je? Shingoni hapakwi dawa ya kwapa. Mume wangu ni mwalimu wa skuli, mashati yake nafua mwenyewe mwaka wa kumi na moja. Kisa cha kola ni mafuta. Kijana anapaka mafuta ya nywele, anapaka losheni shingoni, anapanda daladala saa moja asubuhi, jasho lote linashuka na mafuta mpaka kwenye kola. Mie kola naipaka sabuni ya mche kavukavu usiku, nailaza mpaka asubuhi, ndipo nafua.

Na la pili ni maji. Nguo nyeupe nafulia maji ya mvua niliyokinga. Kisima chetu sabuni haitoi povu, unasugua mpaka vidole vinauma.

Maalim wa Chake (11)
Dada Bi Fuoni kagusa penyewe. Nasomesha kemia, niruhusuni kidogo. Ardhi ya Unguja sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe, yaani chokaa. Maji ya chini yakipita humo yanabeba kalsiamu. Sabuni ya mche ikikutana na kalsiamu haitoi povu, inafanya utandu, na utandu ule unaganda kwenye nyuzi pamoja na uchafu. Shati linakuwa na rangi ya kijivu au njano hafifu hata kama lilifuliwa vizuri. Sabuni ya unga haisumbuliwi sana na maji hayo.

Dobi naye ana haki yake. Dawa nyingi za kuzuia jasho zina chumvi za alumini, zikichanganyika na jasho zinaacha doa la njano. Ila asiivue jiki lawama yote. Mashati mengi ya dukani yana poliesta, au yametiwa dawa ya kuzuia mikunjo, na klorini inaweza kuyageuza yenyewe kuwa njano. Na ikizidi inaozesha hata pamba.

Dobi Kikwajuni (12)
Maalim, jiki naitia kifuniko kimoja kwenye ndoo nzima. Hicho nacho kinaozesha?

Maalim wa Chake (13)
Ndoo ya lita ngapi, na shati linakaa humo muda gani?

Dobi Kikwajuni (14)
Ndoo ni ndoo.

Baba Salma (15)
Mwanangu Jang'ombe, hongera kwa kazi. Mie nimestaafu, nimekaa ofisini miaka thelathini na moja. Nilianza na suruali mbili, mashati manne na suti moja ya Kaunda ya mikono mifupi, rangi ya udongo. Suti ile haitaki tai, haitaki koti, hewa inapita, na hakuna mkubwa aliyewahi kunambia sikuvaa. Sijui vijana mmeiacha kwa nini. Hapa kwetu kaskazi ikivuma, mtu na koti zito la poliesta anatoka jasho mpaka kwenye mafaili.

Tena sie kola ikichakaa hatukutupa shati. Tulikuwa tunageuza kola. Fundi wa bandiko 3, bado mnaifanya kazi hiyo?

Cherehani Nne (16)
Baba Salma, shikamoo. Tunaifanya, ila vijana hawaijui, hawaleti. Na ni kazi ninayoipenda kuliko kushona shati jipya.

Nieleze kwa wasiojua. Kola ya shati ina vipande viwili: lile jani linalokunjika, na ule mkanda unaokaa shingoni wenye kifungo. Jani linalika upande mmoja tu, ule unaosuguana na shingo. Upande wa chini haujaguswa, bado mpya. Nafumua mshono mmoja kati ya jani na mkanda, kwa ncha ya wembe, uzi mmoja mmoja, nisitoboe kitambaa. Jani linatoka zima. Naweka alama ya katikati kwa kulikunja mara mbili, nalipiga pasi, naligeuza juu chini, nalirudisha kwenye ule ule mkanda nikifuata matundu ya sindano ya zamani. Napita cherehani mara moja. Ile sehemu iliyolika sasa iko chini, haionekani. Dakika arubaini, 4,000. Kama kola ina mifuko ya vile vijiti vya plastiki, hiyo haigeuziki vizuri, mifuko itakuja juu.

Jang'ombe, lile lako linalotoka nyuzi usilitupe.

Jang'ombe Ndogo (17)
Fundi, hili sijapata kulisikia maishani. Nitalileta. Ahsante Baba Salma.

Kaskazi (18)
Kumbe wazee walikuwa na mengi. Lakini wakati ule nguo zilikuwa imara bwana, zote zikitoka Manchester, hata ile merikani ya mabibi zetu.

Kitabu Wazi (19)
Kaka Kaskazi, merikani jina lake linajisemea. Ilitoka Marekani, viwanda vya Massachusetts, ikiletwa na wafanyabiashara wa Salem, bandari ya huko huko. Mkataba wa Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, ulitiwa saini 1833, na balozi wao mdogo akafika hapa Unguja 1837. Ilikuwa pamba tupu, nzito, haijapaushwa, ikaenda mpaka bara ndani kama fedha. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 mpaka 1865 vilipokata pamba, nguo za Uingereza na za Bombay zikachukua soko. Jina likabaki.

Belo la Jumamosi (20)
Kijana kaomba shati, Kitabu kampa meli ya Salem. 😀 Lakini nimefaidika, wateja wangu wakisema mtumba ni aibu nitawaambia nguo za ng'ambo hazikuanza leo.

Mwana wa Wete (21)
Nyote mmesahau Ijumaa. Kijana kasema ana kanzu mbili. Kama ofisi yake ni kama nyingi hapa visiwani, Ijumaa ni kanzu na kofia. Basi wiki ina siku nne za shati, si tano. Mashati manne yanamtosha kabisa.

Ila kofia iwe kofia. Mama yangu anashona, huku Wete wanawake wengi wanashona. Kofia moja ya mkono inamchukua miezi, maana kila kitundu kile kidogo kinazungushiwa uzi kwa sindano, na viua vinafuata mpango, akikosea kimoja anafumua. Halafu mtu anataka kumpa 20,000. Kama pesa haitoshi sasa, vaa ya mashine safi, ile ya mkono iwekee akiba kidogo kidogo. Huku kwetu watu wanangoja msimu wa karafuu ndipo wanaagiza.

Boti ya Asubuhi (22)
Siyo ofisi zote. Mie natakiwa kuvaa sare siku zote tano, Ijumaa natoka na sare yangu msikitini. Aulize kwanza kabla hajapunguza shati la tano.

Mwana wa Wete (23)
Sawa, aulize.

Bi Fuoni (24)
Na kanzu aipeleke kwa nani? Kanzu nyeupe nayo ina kwapa. Jang'ombe unasema kanzu hazikusumbui, hebu tueleze kwa nini, maana maji ni yale yale na dobi ni yule yule.

Jang'ombe Ndogo (25)
Wallahi Bi Fuoni sikuwahi kuliwaza. Kanzu navaa na singlendi ndani kila mara. Shati nilikuwa navaa tupu, kwa joto.

Dobi Kikwajuni (26)
Haya! Mnaona?

Maalim wa Chake (27)
Singlendi inanyonya jasho na dawa ya kwapa kabla havijafika kwenye nguo, hilo kweli. Lakini kanzu anaivaa mara moja kwa wiki na shati mara mbili tatu. Na kanzu kola yake haikunjiki. Huwezi kuzilinganisha.

Bi Fuoni (28)
Na Ijumaa mtu anakoga kabla ya kuvaa. Shati anavaa akitoka mbio.

Jang'ombe Ndogo (29)
Naomba niulize la suti. Kuna mkutano wa mwaka, nimeambiwa koti na tai. Ninunue suti nzima?

Cherehani Nne (30)
Usinunue suti nzima na pesa hiyo. Tafuta koti moja la mtumba, bluu iliyokoza, lenye sufu nyepesi. Bluu inakubali suruali ya kijivu na ya kaki. Lebo ikiwa imekatwa, vuta uzi mmoja kwenye pindo la ndani, uuchome na kiberiti. Ukinuka nywele zilizoungua, ni sufu. Ukinuka karatasi na kuacha jivu laini, pamba. Ukiyeyuka ukafanya kidonge kigumu cheusi, poliesta, utaoka ndani yake. Muombe muuzaji kwanza, usichome mali ya mtu.

Belo la Jumamosi (31)
Ahsante kwa hiyo sentensi ya mwisho.

Baba Salma (32)
Kuhusu viatu hamjasema kitu, na ndivyo anavyotazamwa navyo mtu akiingia mlangoni. Pata jozi ya pili, ya ngozi, yenye kamba, upokezane: leo hivi, kesho vile, vikauke jasho. Masika yakija, kiatu kilichofungiwa kabatini kinaota ukungu mweupe ndani ya wiki. Weka magazeti ndani, viache mahali penye upepo, na upake dawa ya viatu hata usipovivaa. Moka yako ipeleke kwa fundi viatu aweke kisigino, usiitupe.

Kaskazi (33)
Na kitambaa cha kushona kipeleke kwa fundi sasa hivi, si kumi la mwisho la Ramadhani. Mwaka jana yangu ilitoka Idi pili.

---

Jang'ombe Ndogo (34)
Wapendwa, nimerudi baada ya wiki tano. Kazi nimeanza, alhamdulillah. Naweka hesabu maana wengine wataisoma.

Mashati ya mtumba matatu kwa Belo, 24,000, mawili nikapunguza ubavu, 6,000. Moja nimeshona la pamba tupu, kitambaa na ufundi 29,000. Suruali moja ya kushona imenitoka 38,000, moja ya mtumba 12,000 na kuipunguza 4,000. Viatu vya kamba vya mtumba 45,000, kutia soli na kuweka kisigino cha moka 8,000. Mkanda 10,000, singlendi tatu 12,000, soksi jozi nne 8,000. Kola imegeuzwa, 4,000, na wallahi ukinitazama huwezi kujua ni shati lile lile. Jumla 200,000 kamili. Hamsini iliyobaki ilikuwa nauli ya daladala na chakula mpaka mshahara. Koti niliazima kwa ami yangu, bega sawasawa.

Ijumaa ni kanzu, niliuliza.

Lile suala la njano nimelifanyia majaribio. Mashati mawili ya zamani, yote nimeyang'arisha kwanza. Moja nalifulia maji ya mvua na kulivaa na singlendi, jingine maji ya kisima bila singlendi. Wiki ya tano hii la kwanza jeupe, la pili limeanza kugeuka shingoni.

Bi Fuoni (35)
Hongera. Ila umebadilisha vitu viwili kwa mpigo. Ni maji au singlendi?

Dobi Kikwajuni (36)
Na shingoni singlendi haifiki, kwa hiyo ni mafuta yake.

Maalim wa Chake (37)
Kama ni mafuta, mashati yote mawili yangegeuka, shingo ni moja. Mie nasimama kwenye maji.

Dobi Kikwajuni (38)
Basi lileteni hilo la pili kwangu. Nitalifua mwezi mzima bure, sitii jiki hata tone, maji ya bomba matupu.

Maalim wa Chake (39)
Dobi, hilo bomba la Kikwajuni maji yake yanatoka wapi? Chemchemi za Mtoni na Bububu, na visima. Ni ardhi ile ile.

Dobi Kikwajuni (40)
Kijana alete shati. Jumamosi kabla ya adhuhuri, nafunga mapema.